Waya wa Dunguni

Enzi zetu hapa kijijini Hewani, mtoto wa kike hakuulizwa kama anataka shule. Mimi nilipelekwa dunguni. Juu ya jukwaa lile la miti, katikati ya mpunga, nilikaa tangu jua lichomoze nikivuta waya uliofungwa makopo, ili mlio wake uwafukuze ndege. Niliwasikia wakija kabla hawajaonekana. Watoto wa leo hawasikii hata wakiitwa kula. Masikio wameyaziba wenyewe.

Kaka yangu Komora alipenda gitaa kupita kiasi. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo mmoja wa gitaa tupu, usio na mwimbaji, naye akaushika wote kwa kuusikia tu. Alijiundia gitaa la debe la mafuta ya kupikia na ubao wa mtumbwi uliovunjika. Mjomba wetu aliyefanya kazi Mombasa alipokuja likizo na redio ya kunasa sauti na kanda moja, Komora alimsihi amnase akiupiga wimbo ule, mara moja tu.

Zilikosekana nyuzi. Asubuhi hiyo Komora alikuja dunguni akakata waya wangu.

"Na ndege?" nikauliza.

"Ndege leo wamepewa likizo. Shuka, ukazuie kuku mlangoni."

Nilishuka. Sikulazimishwa, nilitaka kusikia.

Mjomba alibonyeza kitufe. Komora alipiga vizuri, nami si mtu wa kusifu ovyo. Alipofika pale wimbo unaposhuka taratibu, mama alisimama mlangoni na mashuke yaliyopukutika mkononi.

"Komora! Waya wa dunguni umeupeleka wapi? Ndege wanakula mpunga, sisi tutakula hilo debe lako?"

Tulichapwa wote wawili, na tulistahili. Mwaka huo mpunga uliisha mapema, tukaishi kwa ndizi mbichi za kuchemsha. Lakini Komora hakulilia fimbo, alililia kanda. Betri zilikuwa zimekwisha, na kesho yake mjomba akarudi kazini. Komora alinitupia kanda ile akasema, "Chukua, imeharibika." Hakuwahi kunaswa tena.

Niliitunza. Kila mafuriko yalipotuhamisha nilibeba sufuria, mbegu na kanda, katika mfuko mmoja. Mama alifariki, kisha Komora.

Mjukuu wangu Habona, anayeniandikia haya, naye hupiga nyimbo zilezile za zamani na kujirekodi kwa simu. Hufunga mlango na madirisha. Jogoo akiwika uani, anaanza upya. Nimemhesabia mara tisa kwa wimbo mmoja. Sisi tulipata nafasi moja, na nyumba nzima ikaingia ndani yake.

Juzi alikwenda Garsen, akahamishiwa kanda yangu kwenye simu. Akarudi amefurahi.

"Bibi, hiyo kelele ya katikati naweza kuitoa. Wimbo utabaki safi kabisa."

Nilimwambia aiweke simu chini, naye akaiweka.

Wimbo ule hupigwa redioni hadi leo, na wanaoupiga kumshinda Komora ni wengi. Mama yangu hakupigwa picha hata moja. Yupo kwenye kanda ile tu, mlangoni, akiulizia waya.