Joka Lilioa Ukurasa Gani?

Mimi ni soja, nimeshika geti ya ploti moja ya kupanga hapa Kiamunyi miaka mingi, mpaka ile geti ikinisikia nakohoa inajifungua yenyewe. Kazi yangu ni ya mchana. Shule niliwachia darasa la pili kule Keringet, na si ati nilikuwa mjinga, ni mwalimu alichoka na maswali yangu. Kwa hivyo mimi nasoma namba za milango na jina langu, na hilo jina nikiwa sina haraka.

Lakini kama Nakuru hii yote kuna mtu amezama kwa vitabu vya majoka na wachawi kuliko mimi, mlete hapa tushindane.

Nyumba ya tatu kuna mzee aliyekuwa wa reli, mjane, mtu wa kanisa sana. Ukimwona na kofia yake na Biblia kwapani, utafikiri ni Zaburi peke yake anasoma. Kumbe kwake ni majoka tupu! Vitabu vinene kama mawe ya kujengea, vimejaa mpaka juu ya friji. Halafu nyumba ya nane kuna dada mmoja nesi, familia yao ni Waislamu wa mjini, babu zake walitoka pwani. Huyo anafanya kazi usiku, anarudi asubuhi macho mekundu kama nyanya za soko. Siku moja alipita na kitabu iko na joka mbele, mzee akaiona kutoka kwa dirisha. Alinijia mbio, na huyo mzee kukimbia mara ya mwisho ilikuwa treni ikimwacha.

"Soja, yule binti anasoma nini?"

"Mzee, mimi na maandishi hatujuani."

"Muulize."

Nikamuuliza, kumbe dada naye ni majoka tu anasoma. Sasa, mzee mjane hawezi kubisha mlango wa msichana wa watu ati amemletea kitabu. Majirani wangekuwa wamepanga harusi kabla ya chai ya saa kumi. Na msichana naye hawezi kuingia kwa mzee. Kwa hivyo vitabu vilianza kupitia kwa kibanda yangu. Mzee anaacha mchana, dada anachukua asubuhi akitoka kazini. Na maoni yao pia yakawa yanapitia kwangu, kwa mdomo. Mwambie dada hii ni nzuri. Mwambie mzee hii imenichosha.

Makosa ni yao. Kunipatia mimi maneno matatu nibebe ni kama kupatia mbuzi mahindi abebe.

Mzee akisema "Ni sawa tu," kwa dada inafika hivi: "Mzee amelia, dada. Amelia mpaka akatoa miwani akaikamua." Dada akisema "Hakina maana," mzee anasikia: "Ameipenda mbaya, karibu asiende kazini." Na wote wawili walikuwa wanafurahi! Mzee anatembea kifua mbele, anatafuta ingine. Dada anasoma.

Halafu ikaja ile hadithi ya vitabu vitano vinavyofuatana, ikanimaliza.

Ni hivi. Kuna mama mmoja fundi wa vyuma, mkono wake ni kama nguzo ya stima. Joka liko ndani ya bomba la moshi la karakana yake, ndilo linampulizia moto. Mfalme mbaya amemlazimisha atengeneze taji, na hiyo taji imelaaniwa, mtu akiivaa anakufa hapo hapo. Swali ni moja: nani ataivaa? Kitabu ya tatu inaisha dadake mdogo huyo fundi, yule wa pekee, amenyoosha mikono aichukue.

Haya yote nilihadithiwa na dada, asubuhi baada ya asubuhi, akiwa amesimama hapo nje ya geti ndogo na mimi natafuta ufunguo. Ufunguo uko mfukoni. Lakini hadithi ikiwa haijafika mwisho, huo ufunguo hauwezi onekana.

"Ami, fungua, nimechoka." Huniita ami, yaani baba mdogo, vile watu wa pwani husema.

"Natafuta, dada. Kwani alishika taji ama hakushika?"

Mzee hangenisaidia. Nilimuuliza mara moja, akanijibu, "Mimi si redio." Yeye hutoa hukumu tu, hadithi hatoi. Kwa hivyo maisha yangu yalikuwa mikononi mwa dada.

Sasa fikiria vile nilihisi ile asubuhi ananirudishia kitabu ya nne, haijafika hata katikati.

"Mpe mzee, na umwambie ahsante. Mimi nimekoma."

"Umekoma aje?"

"Ami, kurasa mia mbili wanatembea kwenye theluji na kupika supu. Wanatembea, wanapika supu. Cha tano hata asinipe."

Theluji mimi naelewa, nimezaliwa Keringet, kule ng'ombe anakamuliwa asubuhi anatoa vipande vya barafu. Na supu si kitu mbaya. Lakini taji! Yule msichana mikono imenyooshwa, mimi nikae hapa mpaka nizeeke, nife, nizikwe, bila kujua kama aliivaa?

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Dada, utakosa harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya joka. Mzee amesema joka linaoa huko mbele. Amesema hajawahi ona harusi kama hiyo, na yeye amekula harusi za reli kutoka hapa mpaka Kisumu."

Aliniangalia. Aliangalia kitabu. Akaichukua tena. Nilifungua geti haraka asibadilishe mawazo.

Wiki mbili nilikaa kama mfalme. Kila asubuhi namuuliza, "Imefika?" Ananijibu, "Bado wanakunywa supu." Namwambia, "Songa, iko karibu."

Ile asubuhi alimaliza, nilimwona tu akikuja kutoka barabarani, vumbi nyuma yake, nikajua leo ni leo. Na bahati yangu vile iko, mzee hutoka saa nane mchana, lakini siku hiyo alikuwa anaenda kliniki ya macho mapema. Wakakutana hapo kwa geti. Mimi katikati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Wewe ndiye wa nyumba ya nane?"

"Ndiye mimi. Nakushukuru sana kwa vitabu. Lakini nikuulize, joka lilioa ukurasa gani?"

Mzee akatoa kofia. "Joka gani?"

"La kwenye bomba la moshi. Nimesoma mpaka anwani ya waliochapa. Harusi sijaiona."

"Binti, lile joka lina miaka elfu tatu na ndani ya bomba haliwezi hata kugeuka. Litaoa vipi?"

"Si wewe ndiye ulisema?"

"Mimi?"

Waligeuka wote wawili, polepole, wakaniangalia. Nikaanza kufagia. Ufagio sikuwa nao.

"Na ukalia mpaka ukakamua miwani," dada akasema.

"Miwani inakamuliwa? Na wewe, ati kitabu ya pili niliyokupa, kabla ya hizi tano, uliipenda karibu usiende kazini?"

"Cha pili? Mzee nisamehe, kile nilikiweka mlangoni usipigwe na upepo."

Mzee alikaa chini kwa jerikeni yangu. Nilifikiri ni roho inakatika. Kumbe anacheka, mtu mzima, mabega yanaruka kama gari ya Subukia ikipita mashimo. Halafu akaniangalia vibaya.

"Soja, kwa nini?"

"Mzee, mimi nilikuwa nataka kujua taji inavaliwa na nani. Hiyo tu. Kusoma sijui. Dada akiacha, mimi nimebaki hapo."

"Si ungeniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukasema wewe si redio."

Mzee alivaa kofia, akaitoa, akaivaa tena. Ndio akatoa hukumu: dada atasoma ya tano, na kila asubuhi yeye mzee atashuka hapa kwa geti, waongee wenyewe, mchana kweupe, jirani anayetaka kuangalia aangalie. Na mimi nisikize, mdomo nimefunga.

"Ukiongeza hata mkia wa panya," akasema, "tunafunga kitabu."

Mwezi mzima! Nilivimba mashavu kama mtu ameng'olewa meno yote. Walibishana mbele yangu, mzee anatetea supu, dada anaiponda, na mimi naweza tu kupiga makofi. Kufika sura ya mwisho, dada alikaa kwa jerikeni akatusomea, anageuza ile Kizungu iwe Kiswahili papo hapo.

Yule msichana alishika taji, akaiweka kichwani, haikuingia. Mfalme naye akajaribu, haikuingia. Kumbe tangu siku ya kwanza yule mama fundi alikuwa anaipima kwa kichwa chake mwenyewe. Akaichukua, akaivaa, akalala chini kando ya moto. Joka likatoka kwa bomba mara ya kwanza, likamfunika.

Kuna mtu alikuwa anapiga honi huko nje, sijui alipiga kwa muda gani.

"Haya," mzee akaniambia. "Ongea sasa. Unaonaje?"

"Mzee, huyo mwandishi amekosea! Huyo mama hakustahili kufa! Nitamwambia!"

"Mwandikie."

"Dada, toa kalamu. Andika: Sisi watu elfu mbili wa Kiamunyi tumelia..."

"Sisi ni watatu," mzee akasema.

"Watatu hawawezi kufufua mtu, mzee!"

Dada alikuwa anacheka, kalamu hewani. "Niandike wangapi basi?"

Mzee aliangalia ploti, mlango kwa mlango, na nguo kwa kamba, na kuku wa nyumba ya tano.

"Andika hamsini," akasema.