Kapteni Niliyemwacha Juu

Vita vya Divisheni ya Tisa nilivianzisha mimi, kwenye kituo cha kununulia chai karibu na Kapkatet, miaka ile ya tisini nilipomaliza fomu foo nikakaa nyumbani bila kazi. Lori la kiwanda lilichelewa kila siku. Watu wamekaa na vikapu, mvua inanyesha, wafanye nini? Nikawa nawasimulia historia ya jeshi la siku zijazo linalopigana huko juu kwenye nyota: lilivyoundwa, lilivyoteka sayari yenye joto kuliko kule Soin bondeni, lilivyopoteza nusu ya watu wake kwenye vumbi jekundu.

Shujaa alikuwa kapteni mrefu mwenye mwanya na koti refu. Kila mtu alijua ni karani wetu wa mzani. Yeye pia alijua, na kichwa kikamvimba. "Leo divisheni inaenda wapi?" ananiuliza kabla hata sijakaa.

Siku moja akayakataa majani ya mama yangu. Sawa, machache yalikuwa yamekomaa, na kiwanda hutaka machanga tu, lakini nani hakuleta hivyo? Wengine aliwaambia wachague upya pale mezani. Kikapu cha mama alikipindua kwenye matope. "Mama, hii ni chakula ya ng'ombe." Mama akainama kuokota, watu wakatazama kando. Wee! Damu ilinichemka.

Sikumtukana. Nilingoja watu watulie, nikaendelea. Divisheni imezingirwa, chombo cha mwisho kinaondoka, na mlangoni kila askari anakaguliwa. Kapteni anafika. Anabonyezwa, anageuzwa. "Huyu amekomaa, hafai!" Wanamsukuma nje, chombo kinapaa. Kituo kizima kilicheka mpaka akina mama wakashika mbavu.

Karani hakucheka. "Na watarudi kumchukua?"

"Hawarudi."

Alidhani natania. Kesho yake akauliza tena, na watoto wakawa wanamzomea barabarani, "Amekomaa!" Mwishowe akavua kofia mbele ya foleni. "Mama, nilikukosea. Nisamehe."

Mama, Mungu ambariki, akamsamehe palepale. Akanigeukia. "Haya, sasa mrudishe mtoto wa watu nyumbani."

Sijawahi kumkatalia mama kitu kingine. Yeye alisamehe, ni haki yake. Mimi ndiye niliyemwona ameinama matopeni. Nikasimulia jinsi Divisheni ya Tisa ilivyofika nyumbani, nikawaita walionusurika mmoja mmoja: sajenti, fundi, mpishi, hata mbwa wa kambi. Karani alisimama kando ya mzani akisikiliza mpaka nikamaliza.