Nafasi ya Aliyekwenda Chooni

Walimwita Brashi, na hata mkewe alishasahau kumwita vinginevyo. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa kuandika mabango. Maduka, malori, shule na ofisi, vyote vilipita mkononi mwake. Herufi zake zilikuwa na kivuli chembamba upande wa kulia, ukizitazama kwa mbali unadhani zimesimama nje ya ubao. Kisha zikaja mashine za kuchapa turubai. Siku hizi bango linatundikwa leo na mvua ya pili hailikuti, wala hakuna anayeona haya.

Tumbo lake nalo lilikuwa na vituko vyake. Miaka sita alitibiwa amiba ambayo hakuwa nayo, mpaka daktari wa utumbo alipompima kwa kamera akaona vidonda katika utumbo mpana. Akamweleza kwamba ugonjwa huo hauondoki, hutulizwa tu kwa dawa za kila siku. Brashi alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mkewe alidhani amechanganyikiwa, lakini yeye alikuwa amefurahi kumjua adui yake.

Kilichobaki kumtesa ni foleni. Daktari yule alikuja pale hospitalini mara moja tu kwa mwezi. Zamani nesi alitoka mlangoni akamwita mtu kwa jina la baba yake, na asipomwona aliwauliza waliokaa naye. Sasa kuna runinga ndogo ukutani. Namba inawaka, kengele inalia mara mbili, basi, umepitwa. Na choo kiko mwisho wa ukumbi, kupita maabara, kupita eksirei, halafu ngazi. Ugonjwa wenyewe ni wa kukimbilia choo, na choo wamekiweka kama adhabu! Mara mbili mfululizo Brashi alirudi akifunga mkanda akakuta namba yake imepita. Nesi, binti mgeni kazini, alimwambia aje mwezi ujao, na yeye hakuweza kusema mbele ya watu hamsini alikokuwa. Sasa vidonge vilibaki vya siku nne, na damu ilikuwa imeanza kuonekana tena. Akikosa safari hii ya tatu, hatakuwa na dawa mwezi mzima.

Siku ya kliniki alifika kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, amevaa ovaroli yake yenye madoa, ngazi begani na ubao kwapani. Mtu mwenye ngazi haulizwi na yeyote anakokwenda. Mlinzi hata alimshikia ngazi, akamsifu kwa kuwahi kazini. Ubao ulikaa kando ya runinga, skrubu nne, umenyooka:

MGONJWA WA UTUMBO AKIENDA CHOONI, NAFASI YAKE INAMNGOJA. AKIRUDI, ANAINGIA YEYE.

Rangi ilikuwa buluu ileile ya vibao vyote vya hospitali, maana vyote aliviandika yeye, enzi hizo hospitali ilipokuwa bado inaandikiwa na watu. Akaenda kubadili nguo, akachukua namba kumi na saba, akakaa benchini kama mgeni.

Mama mmoja mwoka mikate, mnene na mcheshi, alikisoma kibao kwa sauti, kisha akasema leo serikali imemkumbuka. Dereva wa lori aliyekaa pembeni akamgeukia.

"Kwani mama, wewe pia?"

"Mwanangu, mimi tanuri naliacha na mikate ndani."

"Afadhali wewe. Mimi njia nzima naijua kwa vyoo vyake. Niulize hoteli, sijui hata moja."

Benchi likaangua kicheko, na mmoja baada ya mwingine wakajitaja, wakawa sita. Kila mmoja alikuwa amekaa pale miezi na miezi akidhani yuko peke yake. Brashi alicheka mpaka tumbo likamkata kwelikweli. Runinga ilionyesha kumi na sita. Akajikaza kisabuni, ikashindikana, akatoka mguu niponye.

Akiwa chini ya ngazi akasikia kengele mara mbili. Alirudi jasho linamtiririka, akamkuta nesi ameushikilia mlango, na mbele yake bwana mmoja mwenye mkoba, namba kumi na nane, anadai haki yake.

"Baba, soma ukutani," nesi alimwambia. "Sheria ni sheria."

"Imeanza lini?"

"Ipo siku zote. Huoni hata rangi yenyewe ni ya zamani?"

Brashi akapita katikati yao akiinamisha kichwa. Ndani, kwa mara ya kwanza, hakusema anaendelea vizuri. Alitaja mara ngapi kwa siku, akaitaja damu, akataja aibu. Daktari aliandika yote bila kumkatiza, akamwongezea dawa, akampa za miezi mitatu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Matroni ameniuliza nani kaidhinisha kile kibao, mzee wangu. Nimemwambia ni mimi. Lakini ile buluu naijua, iko kwenye mlango wangu."

Brashi akakiri. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Alipotoka, namba ya dereva ilikuwa inawaka na kiti chake kitupu. Nesi ameushikilia mlango, na hakuna aliyenung'unika. Dereva akatokea mwisho wa ukumbi. Hakukimbia. Alitembea taratibu, shati limechomekwa vizuri, na benchi zima likampigia makofi.