Tukijaliwa

Chuo chetu cha Iringa kilipompata kocha mpya wa kikapu, mimi nilikuwa mwenyekiti wa mashabiki, cheo nilichojipa mwenyewe. Tulishachoka kufungwa. Kocha alitoka Mbeya, mtu mpole, ameacha kazi ya ualimu huko kwa mkataba wa majaribio wa muhula mmoja. Tukaenda kumpokea Ipogolo, chini ya mlima wa mji, na bodaboda kumi na mavuvuzela. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tulitaka kupona mwaka uleule.

Nilimkabidhi jogoo mzima mbele ya watu. Akiwa bado amemshika kwa mikono miwili, nikamsalimia kwa Kihehe na kumuuliza kwa makusudi, "Kamwene, mwalimu! Kombe la vyuo si tunalo mwaka huu?"

Mgeni mwenye jogoo wa watu mkononi atajibu nini? Alicheka. "Tukijaliwa, tutalichukua."

Kabla hatujapanda mlima kwenda mjini, nilikuwa nimeshaandika kwenye grupu la mashabiki: "Kocha ameahidi, kombe tutalichukua." Hilo "tukijaliwa" nililiacha makusudi, lilinipunguzia utamu. Wala sikujiona mwongo, nilijiona mhamasishaji.

Tukafungwa mechi tatu za mwanzo. Ya tatu tulifungwa na chuo cha Mbeya, tena nyumbani kwetu, na jukwaa zima likamzomea. "Mwongo! Kombe liko wapi?" Wengine walisema ametumwa na watu wa kwao kutuhujumu. Nami nilizomea. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka leo.

Wiki hiyo mshauri wa wanafunzi alituita ofisini, kocha na sisi viongozi wa mashabiki. Mkataba ulikuwa mezani. "Mwalimu, malalamiko yamezidi. Ni kweli uliwaahidi hawa vijana kombe, au wamekuzushia?"

Kocha aligeuka. Alinitazama mimi. Hakunikasirikia, alinisubiri tu, kama mwalimu anavyomsubiri mwanafunzi anayelijua jibu. Sentensi moja kutoka kwangu ingetosha. Nikainama, nikaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Kama vijana wanasema niliahidi," akasema hatimaye, "basi niliahidi."

Mshauri akamwambia mkataba hautaendelea. Kocha akamshukuru, akasimama, akatupatia mkono, mmoja baada ya mwingine, mimi wa mwisho. Niliupokea.