Sindano za Kumrefusha Winifrida

Nestory wa Kasense alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa mtaa wake. Binti yake, Winifrida, alimfuata mama: mfupi, mkakamavu, mwenye sauti inayosikika hadi shamba la ulezi. Shuleni wakamwita Kibiriti. Siku aliporudi akilia, akisema shule haitaki tena, Nestory chakula kilimshinda.

Alikuwa na habari za Christopha, mtoto wa kaka yake aliyeko Dar es Salaam. Yule aliacha kukua kabisa, akachomwa sindano kwa miaka, akarefuka. Basi Nestory akamvalisha binti sweta, wakaenda hospitali mjini pamoja na mkewe, Emerensiana.

Daktari, mama mpole aitwaye Avelina, alisikia habari za Christopha, akampima mtoto damu na kumpiga picha ya mifupa ya mkono. Majibu yalipotoka akawaita.

"Hana ugonjwa. Mwili wa Christopha ulipungukiwa na kichocheo cha kukua, akarudishiwa. Huyu hajapungukiwa. Ni mfupi tu."

"Sasa kama dawa ipo, kwa nini naye asipewe?" Nestory akauliza. "Mtu mfupi anadharauliwa, daktari. Maisha yake yote!"

Emerensiana, miguu ikining'inia kwenye benchi, akamgeukia. "Baba Winifrida, kumbe miaka yote hii ulikuwa unanionea huruma?"

 Nestory akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Wewe? Wewe mimi nakuogopa."

Hata Winifrida akacheka na machozi yake. Ila akauliza, "Na nikitaka mwenyewe, daktari?"

"Sindano kila siku, miaka na miaka, na madhara yake, kwa mtoto asiyeumwa? Hapana, mwanangu. Hao wanaokucheka, nitazungumza na mwalimu wenu."

Na kweli alizungumza naye. Jina la Kibiriti lilipungua, halikuisha.

Leo Winifrida anafundisha hesabu Malangali, akipanda juu ya kreti la soda ili aufikie ubao. Ukimuuliza kama angezikubali sindano zile, hajifanyi. "Siku ile? Ningekubali mbio."

Nestory naye, siku ile waliporudi kutoka hospitali, alichukua nyundo akashusha rafu zote za jikoni. Emerensiana alimsimamia. "Bado. Chini kidogo," alisema, na mumewe akang'oa misumari akaanza upya.