Mtaro wa Mzee Kibwana

Wiki iliyopita, hapa Mikumi, binti yangu na mpangaji wake walibishana uani nani azibue karo la maji machafu. Tangu madereva wa malori waanze kupita bila kulala, vyumba vyake vinne kati ya saba vina kufuli, na waliobaki kila mmoja ufagio wake unaishia kwenye kizingiti chake. "Mama mwenye nyumba, karo ni lako," anasema huyu. "Uchafu ni wenu," anajibu yule. Mimi nimekaa mkekani nachambua mchicha. Wakadhani sisikii. Mwenzangu, nilikuwa nasikia sana, ila masikio yalikuwa Kimamba, nilikokulia.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini majina sisahau. Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyenilea, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vinane vya kupangisha, vya fito na udongo, paa la madebe yaliyofunuliwa. Walipanga wakata mkonge na watu wa mashine. Wajukuu wangu wakisikia korona wanakumbuka ugonjwa. Sisi korona ilikuwa mashine ya kukamua mkonge, na mlio wake ndio uliotuamsha. Harufu ya maji yake, chachu, iliingia mpaka kwenye ugali. Hatukuipenda. Ilipokoma ndipo tukajua ilikuwa harufu ya chakula.

Bei ya mkonge ilianguka, shamba likapunguza watu. Wakaondoka na treni, godoro kichwani, sufuria mkononi. Kimamba nzima ikabaki na vyumba vitupu, na mwenye nyumba akiona mpangaji anafunga mzigo, anahesabu waliobaki. Kwetu walibaki wawili. Mzee Sefu, fundi viatu, chumba cha kwanza. Na Mama Zaina, chumba cha nane, cha pembeni kule upande wa mlima, na mtoto wake anayenyonya. Mumewe alikwenda Kilosa mjini kutafuta kazi, na kazi ikamficha.

Nyumba ya udongo haitaki upweke. Moshi wa jiko ndio unaofukuza mchwa kwenye fito. Chumba kisichopikiwa kinaliwa. Basi Bibi akaweka zamu: wiki hii tunapika sote chumba cha tatu, wiki ijayo cha nne. Tukawa tunahama na mafiga yetu kama kuku wanaotafuta pa kutagia. Mlenda wa Bibi nimeula katika vyumba vyote vinane. Jumamosi ilikuwa ya kukandika. Nilikanyaga udongo mpaka miguu ikawa myekundu hadi magotini, nao wakubwa wakipaka.

Mama Zaina alichoka. "Mama, mimi nimepanga chumba kimoja. Mbona nakandika vinane?"

"Cha saba kikianguka, chako kitaegemea nini?"

"Nitahama. Mpangaji ni mguu, mama."

"Haya, mguu ukiwa bado upo, leta udongo!"

Mzee Sefu akacheka peke yake.

Lakini kilichomnyima Bibi raha ni mtaro. Upande wa juu, nyuma ya chumba cha nane, palikuwa na kiwanja cha Mzee Kibwana. Wapangaji wake waliisha wote, naye akafunga nyumba akaenda kwa dada yake huku huku Mikumi. Mtaro wake ndio uliochukua maji ya mlimani kuyapeleka kijitoni. Kila mwenye nyumba alizibua wake kabla ya masika. Ule sasa ulijaa mchanga na magugu, na mvua ya kwanza maji yakaja kulamba ukuta wetu.

Utaniuliza, si mngechimba? Kwetu, kuingiza jembe kwenye kiwanja cha mtu asiyekuwepo ni kusogeza mpaka. Hata ukisema unazibua maji, watu watasema umeanza kula ardhi. Bibi alishaona ndugu wa tumbo moja wanasusiana mazishi kwa ardhi ya upana wa kiganja. Akatuma salamu mara tatu kwa waliokuwa wakienda Mikumi. Jibu likaja lile lile: nakuja. Balozi wa nyumba kumi naye akasema, "Tumsubiri mwenyewe." Basi kila wingu likisimama, Bibi alikwenda mpaka kwenye ua wa minyaa wa mpakani, jembe mkononi, akaangalia ule mtaro, akarudi. Nilimhesabia hatua. Hakuwahi kuvuka.

Siku yenyewe mvua ilikuja baada ya swala ya alasiri. Juu ya madebe ilipiga hata ukipiga kelele hujisikii. Maji yalishuka mekundu, yakajikusanya kwenye pembe ya chumba cha nane. Udongo tuliokandika Jumamosi ukamong'onyoka, fito zikatokeza kama mbavu. Nyumba ile ndiyo iliyotulisha. Pembe ikienda, na paa linafuata. Mama Zaina alitoka mbio, akanitupia mtoto, akajifunga kanga kiunoni, akashika jembe lililokuwa mkononi mwa Bibi.

Bibi hakuliachia. "Usivuke! Kesho watasema nimekutuma ili nimle Kibwana kiwanja chake!"

"Mama, mimi mpangaji! Nina mpaka gani wa kusogeza? Achia!"

Wakavutana, wanawake wawili na jembe moja, mvua inawapiga. Mtoto analia, mimi nalia. Halafu Bibi akafungua vidole.

Mama Zaina alipenya minyaa, utomvu ukimchoma mikono, akaanza kuchimba. Mzee Sefu, na mguu wake mbovu, akamfuata na karai. Sijui walichimba muda gani. Najua maji yalisita, yakazunguka, yakaenda zao kijitoni. Pembe iliinama lakini haikuanguka.

Siku nne baadaye Mzee Kibwana akafika. Tukamwamkia shikamoo, hakuitika. Alikuja na balozi na majirani. "Nani kaingia kiwanjani kwangu?"

Mama Zaina alikuwa ameshafunga mzigo wake, upo mlangoni. Alikuwa mgeni, hana ukoo Kimamba. Lawama ingemkaa vizuri na Bibi angebaki safi. Mama Zaina aliinamisha macho, akisubiri kutajwa.

Bibi akasema, "Tumeingia sisi. Watu wa nyumba hii. Kama ni kosa, ni la nyumba."

Mzee Kibwana akaenda nyuma, akautazama mtaro, akarudi polepole. "Sasa mbona hamkunyoosha mpaka mwisho? Mmeuacha umepinda kama mkia wa mbwa." Ndipo akaitika, marahaba, marahaba.

Mama Zaina alifungua mzigo. Alikaa chumba kile mpaka Zaina akaolewa, na bibi harusi alitolewa mlangoni kwetu, Bibi akilia kuliko mama mzazi.

Ile nyumba imekwisha zamani. Pale pamejengwa za tofali na bati, kila mlango una mita yake ya umeme, na kodi inatumwa kwa simu kwa mtu ambaye wengine hawajawahi kumwona uso. Ni nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Hazihitaji moshi, wala miguu ya mtoto kukanyaga udongo. Simenti haiombi mtu. Nafikiri ndiyo maana na sisi tumeacha kuombana.