Marahaba Iliyotoka Nzito

Jumatatu moja nilikuwa nikinywa kahawa dukani kwa jirani yangu, mzee auzaye mafuta ya taa hapa Bagamoyo. Akaingia binti wa darasa la tatu na chupa yake.

"Shikamoo, babu."

Mzee akajibu, lakini marahaba ilitoka nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Mimi sikujali. Mtoto alimkazia macho.

"Babu, hebu cheka."

"We mtoto, unamchezea mzee?" nikamkemea.

Mzee akatabasamu. Upande mmoja wa mdomo haukufuata.

"Inua mikono, babu." Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe.

Mteja mmoja akapiga kelele: "Upepo huo, shetani kampitia! Aitwe shehe, amwandikie kombe la aya anywe!" Mimi nikaharakisha kumsogezea mzee maji. Mtoto akanishika mkono.

"Usimnyweshe, atapaliwa. Mwalimu katufundisha, hiki kiharusi. Apelekwe hospitali sasa hivi."

Tulisimamisha lori la nazi, tukampakia. Leo mzee yu hai, anatembea kwa mkongojo, na duka liko wazi. Serikali inahimiza kisomo cha watu wazima. Chetu tulikipata pale dukani, na mwalimu wetu ana miaka tisa.

Zamani watoto wa mtaa huu walitoa shikamoo huku wakikimbia. Siku hizi husimama, wakitutazama midomo mpaka marahaba iishe. Nami yangu naitamka yote, taratibu, kifua mbele, kama mtu anayesahihishiwa mtihani.